Vigae Vilivyofika Mbuchi

Kibiti, bwenini
21 Julai 2024

Shangazi yangu Mwanahawa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee Bibi pale kitandani kwake. Mwambie foronya aliyonitarizia imekuwa gumzo bweni zima. Mimi mzima. Chakula ni ugali na maharage, na siku wakitaka kubadilisha, maharage na ugali. Wali tumeahidiwa Jumapili. Mtoto wa Mbuchi naahidiwa wali kama mgeni!

Simu haziruhusiwi hapa, basi itabidi tuandikiane kama watu wa zamani. Barua nitaziacha kwa muuza nyavu wa stendi. Mtu wa huko akija mjini atazichukua.

Lakini niulize kwanza. Baba alikasirika nini? Siku aliyonileta hakusema neno tangu tulipoondoka mpaka Nyamisati. Alfajiri ile tulipokuwa tunapeleka begi botini nilisikia sauti za watu wengi upande wa kwa Bi Sikujua, nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Panda boti, maji yanatuacha." Hapa shuleni alinikabidhi kwa matroni, akageuka, hata maji hakunywa.

Sasa kazi ya shule, na wewe umo. Mwalimu Saadi, anayetufundisha Kiingereza, anasema lugha ile imejaa maneno yaliyotoka kwa Wagiriki wa kale, na nyuma ya kila neno pana kisa. Kila mwanafunzi achague maneno yake, amsimulie kwa barua mtu wa nyumbani asiyejua Kiingereza, kisha alete darasani jibu la mtu huyo. Mimi nimekuchagua wewe, maana tangu mama alipotangulia mbele ya haki wewe ndiye mama, halafu una mdomo.

Neno la kwanza ni laconic. Palikuwa na watu wa Sparta, nchi yao ikiitwa Lakonia, wabahili wa maneno kupindukia. Mfalme mmoja aliyezishinda nchi za jirani akawatumia vitisho: "Kama nikiingia kwenu, nitauteketeza mji wenu wote." Wao wakamrudishia neno moja tu: "Kama." Basi mpaka leo mtu wa maneno machache Waingereza wanamwita kwa jina la nchi ile. Nadhani unajua nilimkumbuka nani.

Mwanao,
Johari


Mbuchi
18 Agosti 2024

Mwanangu Johari,

Marahaba, mara mbili, yangu na ya Bibi yako. Barua imefika imekunjwa kama sambusa, lakini imefika. Bibi anasema foronya usimwazime mtu, chawa hawachagui msomi. Usiku kifua kinambana. Asubuhi anapata nafuu na kuanza kunisema, na mimi nikisemwa najua mgonjwa wangu hajambo.

Mpunga tumeshaingiza ndani. Mwaka huu nimeuvuna na kuutwanga peke yangu, viganja vimeota sugu kama vya mkata mikoko. Baba yako anakwenda majini na kurudi. Hatuna jipya.

Neno lako nililisoma kwa sauti baada ya isha. Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Baba yako hakucheka, ila aliniambia nirudie ile sehemu ya "kama", nami nikairudia. Mwambie mwalimu wako sisi tuna msemo wetu: kimya kingi kina mshindo mkuu. Akitaka zaidi, aje Mbuchi aishi na kaka yangu Mashaka mwezi mmoja.

Huyo baba yako hajakasirika. Usiulizeulize. Wewe umepelekwa kusoma, basi soma.

Shangazi yako,
Mwanahawa


Kibiti
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi Bibi anaendelea kukusema. Mimi nilishikwa na malaria kidogo, nimepona, usimwambie Baba.

Mwalimu Saadi aliusoma msemo wako mbele ya darasa na wenzangu wakakupigia makofi. Sasa una jina hapa.

Jambo moja limenikera. Jumamosi tulipewa ruhusa ya kwenda sokoni, nikamwona Gharibu anashusha kamba wake. Nikamkimbilia: "Shikamoo baba Safina! Umeniletea barua?" Akasema hana barua, na macho akayapeleka kwenye matenga. Yeye ndiye mwenye boti kubwa, barua zinasafiri na nani kama si yeye? Nikamwuliza harusi ya Safina lini, akajibu, "Karibuni," akaondoka. Nimemkosea nini? Kwa vyovyote, harusi ikifika nitunzie ubwabwa wa nazi hata kwa mawazo. Na mpelekee salamu Bi Sikujua, mwambie mkeka wake ndio ninaosalia. Mwanawe Mwamini pia msalimie, rafiki yako wa kusukia ukili.

Maneno ni mawili safari hii. La kwanza tantalize. Mtu mmoja aliitwa Tantalo, akawaudhi miungu wa Kigiriki. Wakamsimamisha majini mpaka kidevuni, na matunda yanamning'inia usoni. Akiinama kunywa, maji yanakimbia. Akinyoosha mkono, tawi linapanda juu. Kila kitu kipo karibu na hakipati.

La pili draconian. Drako alikuwa mtunga sheria wa Athene. Kosa kubwa adhabu yake kifo, na kosa dogo pia kifo. Alipoulizwa sababu, alisema madogo yanastahili kifo, na kwa makubwa hakupata adhabu iliyozidi hapo.

Hapo nilicheka peke yangu, Shangazi. Nilikumbuka chama chenu cha kuzikana na sheria aliyoitunga Baba tangu awe mwenyekiti: maiti akiwa bado juu ya ardhi, chombo hakiondoki Mbuchi, na asiyezika hatazikwa. Unakumbuka alivyomtoa Kondo? Mkewe alishikwa na uchungu usiku, Kondo akampakia mtumbwini kumkimbiza hospitali Utete, kumbe kijijini kuna mtu amekufa usiku uleule. Wazee wakataka atoe mbuzi yaishe. Baba akakataa katakata. Mtoto wa Kondo alipotimiza arobaini hakwenda mtu, na hadi leo hakuna anayemgongea mlango. Mwambie Baba kuna Mgiriki amemtangulia!

Johari


Mbuchi
27 Oktoba 2024

Johari,

Tunamshukuru Mungu kwa uzima. Bibi yako amepungua, hali chakula ila uji. Usiku namwinua akae ndipo apate pumzi.

Sasa nikuonye. Barua zako nazisoma kwa sauti, unajua hilo, na hii ya mwisho nilianza kuisoma kabla sijaipitia mwenyewe. Nilipofika kwa Drako baba yako alikuwa ameshika bakuli la uji wa Bibi. Aliliweka chini taratibu, akatoka, akarudi sisi tumelala. Kicheko chako kina wakati wake na mahali pake. Sitaki umwandike tena huyo Drako kwenye karatasi inayokuja nyumba hii.

Salamu za Bi Sikujua sikuzifikisha. Mwamini sijamwona.

Harusi ya Safina imepita. Ngoma ilianza Alhamisi, ikalia mpaka Jumamosi, tumeisikia vizuri tukiwa ndani. Upepo ulikuwa wa upande wetu, hata harufu ya pilau ilitufikia. Yule mtu wako aliyesimama majini, huyo nimemwelewa. Mwambie mwalimu kuwa shangazi yako hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Soma, mwanangu. Usinijibu kwa haraka.

Mwanahawa


Kibiti
24 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umeniambia nisijibu kwa haraka, nimekaa na barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo.

Wewe ndiye somo wa Safina. Wewe ndiye uliyemcheza, ukamfunda, ukaapa mbele yangu kwamba siku ya ndoa yake utamsinga kwa mikono yako. Leo unaniambia ngoma yake mmeisikia mkiwa ndani? Gharibu ananikwepa. Umetwanga peke yako. Mwamini, ambaye hamkupata kupitisha siku bila kuonana, hujamwona.

Neno langu la leo ni ostracism, na sikulichagua kwa mchezo. Watu wa Athene kila mwaka waliulizwa kama yupo wa kuondolewa mjini. Wakisema yupo, kila mmoja huokota kigae cha chungu kilichovunjika na kukwaruza jina juu yake. Hapana mashtaka, hapana kujitetea. Mwenye vigae vingi anafungasha na kwenda zake kwa miaka kumi. Lakini mali yake haiguswi, na miaka ikitimia anarudi nyumbani na heshima yake yote, hakuna wa kumnyooshea kidole.

Shangazi, nani ametengwa? Kama huwezi kuniandikia kwenye karatasi, okota kigae. Shule inafungwa mwanzo wa mwezi ujao, nakuja mwenyewe kuona.

Johari


Mbuchi
1 Desemba 2024

Johari,

Likizo nenda Chumbi kwa mama yako mdogo Maimuna. Huku usije. Bibi anakuombea dua.

Wale watu wa Sparta walijibu neno moja. Langu ni hili: soma.

Mwanahawa


Kibiti
26 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimerudi shuleni, lakini roho haipo.

Mama mdogo Maimuna alijaribu kuficha. Siku nne alinizungusha na stori za mahindi na nguruwe pori. Siku ya tano nilikataa kula, akasema yote. Kumbe sauti nilizozisikia alfajiri ile zilikuwa kilio. Bi Sikujua alikuwa amefariki. Baba alipita karibu na mlango wa msiba ameshika begi langu, akanipandisha boti yake, kwa sababu siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kuripoti na maji yasingetungoja hadi wazike. Mimi nimekaa mbele kwenye boti natafuna kitumbua! Kisha nikamtumia marehemu salamu, na wewe ukazisoma mbele ya Baba. Kwa nini hukunirushia hata neno la ukali nikajua?

Na mama mdogo akasema kilichoniumiza zaidi, kwamba Baba aliporudi hakungoja kuitwa. Aliita mkutano mwenyewe, akasimama, akasema sheria wanaijua. Wazee wakataka atoe mbuzi yaishe. Akasema Kondo hakupewa nafasi ya mbuzi. Akaketi. Basi nyumba nzima ikatolewa, wewe umo, Bibi yumo na kifua chake.

Nimekuwa nikiwahesabia Wagiriki makosa kumbe kosa ni langu. Shangazi, Bibi anaumwa. Akiondoka leo, nani atachimba kaburi? Baba peke yake? Swali hilo linaniamsha kila siku na darasani silisikii somo lolote. Nataka kuacha shule. Nije nipige magoti kwa Mwamini na kwa kijiji kizima, niseme mnirudishie baba yangu, shule yenyewe nimeiacha. Kama shule ndiyo iliyotutoa, basi ikitoka shule turudi sisi.

Niambie nije. Neno moja tu.

Johari


Mbuchi
12 Machi 2025

Mwanangu Johari,

Ramadhani imetukuta, ila haikutukuta sote. Kaa chini kwanza.

Bibi yako ametutoka, Jumanne ya mwisho ya Shaaban. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Sikukuita kwa sababu alikataza mwenyewe. Alisema, "Mtoto akiacha shule kwa ajili yangu, Mashaka atakuwa ametengwa bure." Alicheka aliposema hivyo, unamjua. Lia mwanangu, ukimaliza uendelee kusoma.

Alikata roho alfajiri. Baba yako hakupeleka habari msikitini. Alisema yeye hana haki ya kumwita mtu. Nikamwambia, basi hiyo sheria yako na ije imwoshe mama yako! Nilitoka nje nikapiga kilio kwa nguvu zangu zote. Nilivisikia vinu vikinyamaza, nyumba hii, kisha ile, kisha ile. Wamesikia wote. Mlango haukufunguliwa hata mmoja. Johari, nimezaliwa kijiji hiki, nimezalisha wake zao, na sijapata kukichukia kama asubuhi ile.

Kisha nikamwona Kondo anakuja na jembe begani, mkewe nyuma na ndoo ya maji kichwani. Baba yako akasimama mlangoni akamwambia, "Kondo, mimi ndiye niliyekutoa."

Kondo akasema, "Nishatengwa, Mashaka. Watanitenga mara ngapi?" Akamsukuma kwa bega, akaingia kumtazama Bibi.

Na nikueleze nilichokificha. Gharibu alikataa barua zetu tangu siku ya kwanza. Zako zote na zangu zote zimesafiri kwenye mtumbwi wa Kondo. Nilikwenda kumwomba kwa siri, nikiwa na aibu ya baba yako na yangu, maana hata mimi sikwenda arobaini ya mwanawe. Hakuniuliza kitu. Alisema tu niifunge nailoni isilowe.

Mimi na mkewe tukamwosha Bibi na kumvika sanda. Wao wawili wakachimba. Unajua ardhi yetu, ukienda chini kidogo maji yanatoka, basi mmoja anachimba na mwingine anateka. Jeneza liko msikitini, nalo ni la chama. Tukamlaza kwenye kitanda chake cha kamba. Kitanda kina miguu minne, na wanaume ni wawili. Wakashika mbele. Nikamtazama mke wa Kondo, naye akanitazama. Tukafunga khanga viunoni, tukashika nyuma.

Hujapata kuona mwanamke wa Mbuchi amebeba maiti kwenda kaburini. Mimi pia sikupata kuona, na Mungu anajua sikukifanya kwa ubishi. Tulipita mbele ya msikiti. Wanaume walikuwa barazani, vichwa chini. Nilikuwa nalia, sioni njia, nikajikwaa, kitanda kikalala upande. Nikasikia Gharibu anapiga ukelele, "Astaghfirullah! Mama zetu wabebe, sisi tunatazama?" Akaruka barazani akanipokonya mguu wa kitanda. Mume wa Mwamini akachukua wa pili. Baada ya hapo sikuona tena kitanda kwa wingi wa watu. Bibi yako amezikwa na kijiji kizima, na kaburi lake lina mwanandani uliochongwa vizuri.

Siku ya tatu wazee wakaja kumwambia baba yako yamekwisha, arudi. Akainuka. Akasema, "Mrudisheni Kondo. Yeye alipoondoka hakujua kuna maiti." Wakasema Kondo amesharudi, na yeye je? Akasema, "Mimi nilijua," akaketi. Nilitamani kumpiga na mwiko! Wazee wamesema mimi na wewe hatumo tena katika adhabu hiyo, aliyebaki ni yeye, kwa kauli yake mwenyewe. Hivi sasa watu wananiamkia, wanamtazama yeye, wanameza mate.

Jana magharibi nilikuta bakuli la tambi mlangoni, limefunikwa kwa kawa jipya. Aliyelileta alikwishaondoka. Lakini ule ukili naujua, nimeusuka naye miaka yote. Tulifuturu, na baba yako akala. Mwamini hajasema neno, na mimi simharakishi. Ni mama yake aliyeachwa.

Baada ya kula nikamsomea barua yako ya vigae, ile ya Novemba, ambayo nilikuwa nimeificha asiione. Mwambie mwalimu wako jambo lile sisi tunaliita kutengwa, halina ugeni kwetu, ila Wagiriki wametuzidi kwa moja: walimwambia mtu atarudi lini. Nikamwuliza, "Wenzio walikuwa na miaka kumi. Wewe mingapi? Maana sheria yako uliitunga bila mwisho, na umri unakwenda, wa kukuzika simwoni."

Alilisogeza bakuli pembeni. Akasema, "Mpaka Johari amalize."

Nikamwuliza, na akifeli? Akasema, "Kama."

Basi umesikia. Usifungashe begi. Kifungo cha baba yako kina urefu wa masomo yako, ukirudia darasa umemwongezea. Kondo anaondoka na maji ya alfajiri, nafunga barua kwenye nailoni.

Shangazi yako,
Mwanahawa